Kupasha chakula joto kwa umeme kwa gharama ndogo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya wasindikaji, mafundi wa viwanda na yeyote anayepanga kununua au kurekebisha mitambo ya kupasha, kukausha, kuoka au kukoleza (kuvukiza sehemu ya maji) chakula kwa umeme. Hesabu zote zinaweza kurudiwa kwa kikokotoo cha simu.

Hita ya kawaida hugeuza karibu umeme wote kuwa joto. Sasa kuna nini cha kuokoa?

Kweli, koili iliyozama ndani ya maji hutoa asilimia 98 au 99 ya umeme wake kama joto, na hakuna muuzaji atakayekupa koili "inayookoa nusu ya umeme". Upotevu hutokea baada ya joto kuzaliwa: linatoka kupitia ukuta wa tangi, linapaa na mvuke kwenye uso usiofunikwa, linafukuzwa na feni ya kikausho, au linabaki ndani ya bidhaa moto inayopelekwa moja kwa moja kwenye chumba cha baridi. Huko mwisho unalipa mara mbili, kupasha na kupoza.

Kwa hiyo mbinu zinazookoa kweli ni za aina tatu. Zipo zinazozalisha joto ndani ya chakula chenyewe: ohmi, mikrowevu na mawimbi ya redio. Zipo zinazohamisha joto lililokwisha kuwepo: pampu ya joto, kompresa ya mvuke na vibadilisha joto. Na zipo zinazowaka pale tu chakula kinapopita, kama infraredi (miale ya joto) na induksheni (sumaku ya umeme inayopasha sufuria yenyewe). Mtambo usioangukia katika kundi lolote kati ya hayo, muulize muuzaji akuonyeshe akiba inatoka wapi.

Nitajuaje ninahitaji kilowati ngapi?

Zidisha kilo za bidhaa kwa uwezo wake wa kubeba joto na kwa nyuzi unazopandisha, kisha gawanya kwa 3,600. Maji hubeba kilojuli 4.18 kwa kilo kwa nyuzi moja, maziwa kama 3.9, na mafuta ya kula kama 2.

Chukua kilo 500 za maji kutoka nyuzi 25 hadi 85: 500 × 4.18 × 60 ÷ 3,600 ni kilowati-saa 34.8. Ukitaka kazi iishe kwa saa moja, unahitaji kilowati 35 pamoja na za kufidia upotevu. Ukiwa tayari kusubiri saa mbili, kilowati 17.5 zinatosha, ila tangi lisilo na kihami (tabaka la kuzuia joto lisitoke) litapoteza joto kwa muda mrefu zaidi. Kwenye umeme wa njia tatu wa volti 400, kilowati 35 huvuta takriban ampia 51 kwa kila njia. Waya, kontakta na sakiti breka vichaguliwe kwa namba hiyo na akiba juu yake.

Nianze na nini kabla ya kununua mtambo mpya?

Kihami, kifuniko na kibadilisha joto, kwa mpangilio huo, kwa sababu ndivyo vinavyorudisha fedha mapema kuliko teknolojia yoyote iliyotajwa hapa chini.

Ukuta wa chuma ulio wazi wenye nyuzi 100, katika chumba cha nyuzi 25, hupoteza takriban wati 750 hadi 900 kwa kila mita ya mraba. Uvike sufi ya madini ya milimita 50 na upotevu hushuka hadi wati 60 hivi. Juu ya sufi weka ganda la chuma lililozibwa vizuri kwenye maungio, kwa sababu sufi iliyoingia maji ya kuoshea haizuii joto tena, na chini yake kutu huanza bila kuonekana. Uso wa maji moto ulio wazi ni mbaya zaidi. Kwa nyuzi 90, mvuke unaopaa hubeba kilowati kadhaa kwa kila mita ya mraba, na kifuniko cha kawaida tu hukata sehemu kubwa.

Kibadilisha joto ndicho chenye faida kubwa kuliko vyote pale bidhaa inapopashwa kisha ikapozwa. Kilo 1,000 za maziwa kutoka nyuzi 4 hadi 72 zinahitaji kilowati-saa 73.7. Ukipitisha maziwa baridi yanayoingia upande mmoja wa sahani (bamba la chuma ndani ya kibadilisha joto) na maziwa moto yanayotoka upande wa pili, na kifaa kikarudisha asilimia 90 ya joto, maziwa hufika kwenye hita yakiwa na nyuzi 65 tayari. Hita inamalizia nyuzi saba zilizobaki kwa kilowati-saa 7.4, na mashine ya baridi nayo imepunguziwa kazi kwa kiasi hichohicho. Angalia jambo moja la usalama: shinikizo la upande uliopasteurishwa liwe juu kuliko la upande mbichi, ili sahani ikitoboka, maziwa mabichi yasiingie kwenye yaliyo salama.

Upashaji wa ohmi unafanyaje kazi?

Chakula chenyewe kinakuwa hita. Kinapita kati ya elektrodi mbili, umeme unapenya ndani yake, na upinzani wake unageuka joto. Kiasi cha joto kinategemea upitishaji umeme wa chakula na mraba wa volti kwa kila sentimita. Kimiminika chenye upitishaji wa siemensi 0.5 kwa mita, kikiwekwa kwenye volti 10 kwa sentimita, hupanda takriban nyuzi 0.12 kwa sekunde. Ongeza hadi volti 20 na kasi inakuwa mara nne, nusu nyuzi kwa sekunde.

Hakuna ukuta moto, kwa hiyo hakuna kuungulia kwa namna tunayoijua kwenye sufuria. Vipande vikubwa ndani ya mchuzi hupata joto pamoja na mchuzi, mradi upitishaji wao unakaribiana. Njia hii si ngeni. Ilitumika Marekani kupasteurisha maziwa kuanzia miaka ya 1920, ikaachwa, kisha ikarudi vifaa vya elektrodi na udhibiti vilipokuwa bora.

Ni vyakula gani havifai kwa ohmi, na nini huharibika?

Mafuta matupu, asali, sharubati nzito ya sukari isiyo na chumvi, na maji safi sana havipitishi umeme wa kutosha. Kipande cha mafuta ndani ya supu kinaweza kubaki baridi huku supu ikikizunguka moto, na hapo ndipo vijidudu hubaki hai. Pima upitishaji wa kila kiambato, si wa mchanganyiko tu, na upime ukiwa baridi na ukiwa moto.

Upitishaji huongezeka kwa takriban asilimia 2 kwa kila nyuzi. Kutoka nyuzi 20 hadi 80 unakuwa zaidi ya mara mbili, na mkondo unapanda hivyohivyo ikiwa volti haibadiliki. Fundi aliyekadiria transfoma kwa bidhaa baridi atashangaa breka ikikata kila siku karibu na mwisho wa kazi. Kadiria kwa ncha ya moto.

Elektrodi za chuma cha pua zikipewa umeme wa hezi 50 huliwa polepole, na chembe za chuma huishia kwenye chakula pamoja na viputo vya gesi. Titani, hasa iliyopakwa platini, hustahimili zaidi, na masafa ya kilohezi 20 na kuendelea hupunguza tatizo hadi karibu kutoweka. Viputo ni adui wa pekee: kiputo kikishika kwenye elektrodi, mkondo hujibana pembeni yake, cheche hutokea na alama nyeusi hubaki. Tumia shinikizo la nyuma ili bidhaa isichemke ndani ya bomba, na toa hewa kabla ya kuanza. Mabomba ya chuma kabla na baada ya sehemu ya elektrodi lazima yaunganishwe na ethi, la sivyo umeme utafuata chakula hadi kwenye pampu na mkono wa mwendeshaji.

Mikrowevu au mawimbi ya redio?

Yote mawili hutikisa molekuli za maji na ioni ndani ya chakula. Tofauti ni urefu wa wimbi. Mikrowevu ya megahezi 2450 ina wimbi la sentimita 12 na hupenya chakula chenye maji kwa sentimita moja au mbili. Ile ya megahezi 915 ina wimbi la sentimita 33 na hupenya zaidi. Mawimbi ya redio ya megahezi 27.12 yana urefu wa mita 11, kwa hiyo chakula chote kati ya bamba mbili hupata uga unaokaribia kuwa sawa.

Kwa upande wa umeme, magnetroni (kifaa kinachozalisha mawimbi) ya 915 hugeuza zaidi ya asilimia 80 ya umeme wake kuwa mawimbi, na moja tu inaweza kutoa hadi kilowati 100. Ile ya 2450 iko kwenye asilimia 60 hadi 70. Kilichobaki ni joto la maji ya kupoza magnetroni, ambalo si vibaya kulitumia kupasha maji ya kuoshea. Baadhi ya nchi hazikuruhusu 915 bali masafa yaliyo jirani, kama 896 nchini Uingereza, kwa hiyo thibitisha kibali kabla ya kuagiza.

Uamuzi wetu: vipande vyembamba na kupasha haraka, mikrowevu. Vitu vinene vyenye umbo sawa, mapakiti makubwa, nafaka na biskuti, mawimbi ya redio. Biskuti ni mfano mzuri. Zikitoka tanuri, katikati huwa na unyevu mwingi kuliko ukingo, na tofauti hiyo huzipasua siku chache baadaye ndani ya pakiti. Mawimbi ya redio hupeleka joto pale palipo na maji, yaani katikati, unyevu unasawazika, na tanuri linaweza kwenda kasi kwa sababu halilazimiki tena kukausha sehemu ya mwisho iliyo ngumu.

Kwa nini kingo za nyama iliyoganda huiva kwenye mikrowevu huku katikati bado ni barafu?

Barafu hunyonya mawimbi kidogo sana kuliko maji. Sehemu ya kwanza kuyeyuka inaanza kunyonya kwa nguvu, inapata moto zaidi, inanyonya zaidi. Usijaribu kuyeyusha kabisa. Pandisha hadi nyuzi hasi 4 au hasi 2, ambapo nyama inakatika kwa kisu lakini barafu bado ipo, kisha acha imalizikie kwenye chumba cha baridi. Isitoshe, unaepuka kulipia sehemu kubwa ya joto fiche, yaani joto linaloyeyusha barafu bila kupandisha nyuzi, ambalo ndilo fungu kubwa.

Infraredi inafaa wapi?

Juu ya uso: kubadilisha rangi ya mkate, kukaanga karanga kwa tabaka moja, kukausha majani na vipande vyembamba, kuua vijidudu vya uso. Haipenyi zaidi ya milimita chache, na anayetarajia iive katikati atapata uso ulioungua.

Maji hunyonya vizuri miale ya karibu mikroni 3. Kitoa miale chenye nyuzi 690 hivi kina kilele chake hapo hapo, ndiyo maana vya wimbi la kati hupendwa kwa kukausha. Vya wimbi fupi huwaka kwa sekunde moja au mbili, na hapo kuna akiba ambayo wengi hawaitumii: funga sensa kwenye mkanda ili vizimike mkanda ukiwa mtupu. Vya kauri huhitaji dakika kadhaa, kwa hiyo kuvizima kati ya trei na trei hakuna maana.

Safisha vioo vya kurudisha miale. Vikishika mafuta na vumbi la unga, vyenyewe vinakuwa moto na chakula kinapungukiwa. Mirija ya kioo iwekewe wavu au kinga chini yake, maana kioo kilichovunjika ndani ya chakula ni hasara ya kundi zima la bidhaa.

Induksheni inaokoa umeme kweli?

Inategemea unalinganisha na nini. Ukilinganisha na jiko la gesi, ambalo huingiza kama asilimia 40 tu ya joto lake kwenye sufuria, au na sahani nene ya umeme yenye asilimia 70 hivi, ndiyo: induksheni hufikia 85 hadi 90. Ukilinganisha na koili iliyozama ndani ya kimiminika, hapana, kwa sababu koili hiyo tayari iko karibu na mia. Faida iliyobaki ni udhibiti wa haraka na uso rahisi kusafisha.

Sufuria lazima ivute sumaku na tako lake liwe bapa. Hitilafu inayoongoza viwandani ni chujio la hewa kuziba kwa unga na mvuke wa mafuta, kisha transista za umeme kupata joto na kufa. Lisafishwe kila wiki.

Kwa kukausha, pampu ya joto inashinda kwa kiasi gani?

Tuanze na mzigo wenyewe. Kilo 100 za bidhaa yenye unyevu wa asilimia 85, ikikaushwa hadi asilimia 10, zinabaki kilo 16.7. Umeondoa kilo 83.3 za maji. Kuvukiza kilo moja kwa nyuzi 60 hivi huhitaji kilowati-saa 0.65, kwa hiyo hata kikausho kisichopoteza chochote, kikitumia hita ya koili, kitakula kilowati-saa 54. Kikausho kinachofukuza hewa moto nje kinaweza kula mara mbili ya hapo.

Pampu ya joto haifukuzi hewa. Hewa yenye unyevu hupita kwenye koili baridi, maji yanadondoka na kutoka kwa bomba, na joto fiche lililotolewa na maji hayo linarudishwa kwenye hewa hiyohiyo kupitia koili moto. Kikausho kizuri huondoa kilo 2 hadi 3 za maji kwa kilowati-saa moja. Kwa mfano wetu ni kilowati-saa 28 hadi 42.

Mipaka yake ijulikane mapema. Vikausho vingi vya aina hii huishia nyuzi 60 hivi. Mwishoni mwa ukaushaji hewa inakuwa kavu, koili baridi haina cha kudondosha, na kompresa inakula umeme bure. Hapo ni afadhali kumalizia kwa hita ndogo ya koili, au kupanga trei kwa zamu ili muda wote pawepo bidhaa mbichi ndani. Koili baridi ikiganda barafu, kwanza kagua chujio na feni, kisha kiasi cha gesi ya kupozea. Na usipitishe hewa yote kwenye koili baridi: sehemu yake ipite pembeni, maana kupoza hewa yote ili kutoa maji kidogo ni kazi ya bure.

Na kukoleza maziwa au juisi?

Kompresa ya mvuke. Mvuke unaotoka kwenye bidhaa hubanwa na feni au kompresa, unapanda nyuzi kadhaa, na unarudishwa kupasha bidhaa hiyohiyo. Kuvukiza tani moja ya maji kwa hatua moja bila kurudisha joto hula takriban kilowati-saa 627. Kwa kompresa ya mvuke ni kilowati-saa 10 hadi 30. Hakuna kifaa kingine humu chenye tofauti kubwa namna hiyo. Haifai, hata hivyo, kwa uji mzito unaochemka juu sana kuliko maji, kwa sababu kompresa italazimika kupandisha joto kupita uwezo wake, wala kwa mtambo unaowashwa na kuzimwa mara kwa mara.

Tunahitaji mvuke. Boila ya umeme ina maana?

Ina maana ikiwa ndogo na karibu na mtumiaji. Boila kubwa ya mafuta iliyo mbali hupoteza joto kwenye bomba hata siku isiyo na kazi. Kwenye boila ya elektrodi maji yenyewe hupitisha umeme, hivyo yakiisha mkondo unakatika na hakuna koili ya kuungua. Inahitaji tu chumvi ya maji idhibitiwe na maji machafu yatolewe kwa vipindi.

Rudisha maji ya mvuke uliopoa. Kutengeneza kilo moja ya mvuke kutoka maji ya nyuzi 20 ni kilowati-saa 0.72, na kutoka nyuzi 80 ni 0.65.

Kwa nini koili zetu zinaungua au kuganda utando mara kwa mara?

Karibu kila mara ni wati nyingi mno kwa kila sentimita ya mraba ya koili. Maji safi huvumilia 8 hivi, mafuta ya kukaangia 3 au 4, na maziwa au mchuzi mzito yasizidi 1.5 hadi 2. Protini za maziwa huanza kuharibika kuanzia nyuzi 70 hivi na kushika kwenye ukuta moto. Utando huo huzuia joto, koili inapanda zaidi, utando unakuwa mnene zaidi, hadi waya wa ndani unakatika. Kuongeza koili kwa kilowati zilezile, au kupasha maji ya kati badala ya bidhaa moja kwa moja, ndiyo tiba. Kuosha kwa asidi kunapunguza dalili tu.

Kidhibiti gani cha joto kinafaa?

PID (kidhibiti kinachopunguza nguvu kadiri joto linavyokaribia kiwango) pamoja na rilei ya kielektroniki, yaani swichi isiyo na sehemu zinazosogea, inayowasha pale wimbi la umeme linapopita sifuri. Lakini ujue tabia ya rilei hiyo: ikifa, mara nyingi hufa ikiwa imefunga, na hita huwaka bila kukoma. Weka kikomo cha pili chenye sensa yake na kontakta yake, kisichotegemea kidhibiti cha kwanza kwa lolote. Rilei hutoa takriban wati 1 hadi 1.5 za joto kwa kila ampia, kwa hiyo ampia 40 bila bamba la kupoza ni kifo chake.

Sensa iguse. Ikikaa kwenye mfuko wenye hewa ndani, inachelewa, na joto hupita kiwango kabla kidhibiti hakijajua. Jaza mfuko huo kwa gundi ya kupitisha joto.

Kilowati-saa zimepungua lakini bili haijashuka. Kwa nini?

Ushuru wa viwandani mara nyingi hutoza pia kilele cha kilowati cha mwezi. Ukiwasha tanuri, boila na kikausho saa moja asubuhi kwa pamoja, umeshaweka kilele. Vipishanishe kwa dakika 15 hadi 30. Hita zinazodhibitiwa kwa kukata wimbi la umeme katikati, na baadhi ya mashine za induksheni, pia huchafua wimbi na kupunguza uwiano wa kilowati na kilovolti-ampia, jambo ambalo watoa umeme wengi huadhibu.

Kama hita ya njia tatu imeunganishwa delta (kila koili kati ya njia mbili) na unahitaji nguvu ndogo ya kudumisha joto, ihamishie stari (koili zote zikikutana sehemu moja): inatoa theluthi moja.

Volti ikishuka kwa asilimia 10, hita inapoteza nini?

Asilimia 19 ya nguvu, kwa kuwa nguvu hufuata mraba wa volti. Muda wa kupasha unarefuka kwa karibu robo.

Hita mpya inaangusha breka ya uvujaji. Imeharibika?

Huenda imeingia unyevu tu. Unga wa magnesia ndani yake hunywa maji ya hewa ghalani. Ipime kwa mega (kipima uzuiaji wa umeme) ya volti 500. Chini ya megaomu 1, ikaushe kwa saa kadhaa kwenye tanuri la nyuzi 120 hivi, au iwashe kwa volti pungufu, kisha pima tena. Isipopanda, ina ufa. Usiondoe breka ya miliampia 30 ili kazi iendelee, kwani karibu na maji na chuma hiyo ndiyo inayomwokoa mtu.

Kwa mikrowevu, kagua mihuri ya mlango kwa kipimo cha mionzi: isizidi miliwati 5 kwa sentimita ya mraba kwa umbali wa sentimita 5.

Nipime nini ili nijue ninaokoa?

Kilowati-saa kwa kilo ya bidhaa iliyomalizika, au kwa kilo ya maji yaliyoondolewa ukiwa unakausha. Funga mita kwenye mtambo mmoja mmoja, si kwenye lango la kiwanda. Andika pia joto la bidhaa inapoingia: bidhaa iliyoingia na nyuzi 15 badala ya 25 itafanya mtambo mzuri uonekane mbaya. Na pima mtambo ukiwa mtupu lakini moto, kwa saa moja. Namba hiyo ndiyo upotevu wake wa kudumu, na ikizidi robo ya matumizi ya kazi, rudi kwenye kihami kabla ya kitu kingine chochote.